Ngoma Ambayo Hesabu Yangu Haikuisikia

Nachingwea, jioni

Mwanangu Zainabu,

Sikuulizi hali, kwa sababu asubuhi nimekuona ukipigana na zipu ya begi mpaka ukalikalia, nikajua u mzima. Sasa hivi uko stendi na baba yako mnakata tiketi ya kesho, halafu utapita kuaga marafiki, na ninavyokujua utarudi jua limeshazama ukiulizia chakula. Usishangae ukikuta jiko bado limelala. Nimekaa barazani, nimeweka karatasi juu ya ungo niliougeuza. Jirani anabanika korosho, moshi wake unapita juu ya ua polepole mno, na mimi nimekaa nautazama badala ya kuandika.

Mambo ya chandarua, ya kushika simu vizuri ukifika Dar, ya kutokula ovyo njiani, namwachia baba yako. Maneno hayo ameyaandaa tangu ulipoanza darasa la kwanza, na ukimkatiza atanuna mpaka Krismasi, ingawa hata Krismasi si sikukuu yake. Mimi nina jambo moja tu. Ila unamjua mama yako, jambo moja kwangu ni kurasa.

Ni lile uliloniambia juzi.

Tulikuwa tunabangua korosho, wewe, mimi na Mama Hamisi wa nyumba ya pili. Mama Hamisi akakuuliza unakwenda kusomea nini, ukamwambia fizikia, ile ya nadharia, ya hesabu tupu. Akakutazama kama mtu aliyeambiwa unakwenda kusomea upepo. "Haya mwanangu," akasema, "na hiyo inamtibu nani?" Tukacheka wote, na wewe ulicheka. Alipoondoka, bila kuinua uso, ukasema, "Mama, nimebadilisha mawazo. Nikifika nitaomba wanihamishie kwenye takwimu za magonjwa. Kama wewe. Nafasi ipo, natakiwa kuthibitisha tu siku ya kujiandikisha."

Nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Ili isitokee tena."

Nilifurahi, Zainabu. Nisikudanganye. Nilikukumbatia na mikono yangu ikiwa na majivu ya korosho mpaka nikakuchafua blauzi. Nikampigia simu bibi yako Ruangwa nikimweleza kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Nikalala kama sijalala miaka. Jana nikaamka furaha ikiwa bado ipo, nikakaa nayo kitandani nikaichunguza vizuri, na hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa nafurahi kwa sababu mtoto wangu ameacha anachokipenda ili mimi nipumue.

Nataka nikueleze tangu mwanzo, hata yale unayoyajua.

Nilipoitwa kwenye ofisi ya afya ya mkoa nilikuwa mwalimu wa hisabati wa kawaida, wa chaki kwenye nywele. Walinipeleka kwenye mafunzo ya kutengeneza modeli za magonjwa. Siku ya kwanza mkufunzi akatuambia tuchukue kijiji chochote, tuondoe kila kitu kinachoweza kuondolewa. Ondoa majina. Ondoa nani kagombana na nani, nani ana bati na nani ana nyasi. Bakiza watu wa aina tatu tu: ambaye hajaugua, anayeugua, na aliyekwisha kupona. Halafu andika kwa kasi gani mtu anatoka kundi moja kwenda jingine. Basi. Mistari mitatu ya hesabu, na mlipuko mzima unainuka na kushuka mbele yako.

Kisha akatuambia wazo lile limeazimwa kwa watu wa fizikia. Walikuwa wanawaza chembe za gesi ndani ya chupa, jinsi zinavyogongana, na jinsi kasi ya kugongana inavyotegemea wingi wa chembe za kila aina. Mtu mmoja akasema, na watu je? Mgonjwa na mzima si wanagongana vivyo hivyo? Mwanangu, nilitoka pale nikiwa natembea juu ya hewa. Chupa ya gesi na kijiji cha Ruangwa, mlinganyo mmoja! Nilikuwa nachemsha maharage nasahau, yanaungua. Nilikuwa najichekea barabarani. Baba yako alifikiri nimepata mtu, akaanza kunifuata mpaka sokoni akijifanya anatafuta betri za redio. Nilipomwambia ni mlinganyo akasema afadhali angekuwa mtu, angeenda kuzungumza naye.

Halafu ukaja ule mwaka wa surua.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Surua ilianza vijiji vichache upande wa Ruangwa wakati watu wanavuna ufuta. Chanjo zilikuwepo lakini hazikutosha kwenda kila mahali kwa mara moja. Swali lililoletwa mezani kwangu lilikuwa dogo: tuchanje watoto wakubwa sasa hivi, kabla shule hazijafungwa, tena kwa kukimbizana, au tungoje wafungue, tuwakute wamekaa kwenye madawati, tuwachanje kwa utulivu?

Niliweka swali kwenye modeli. Katika vitabu vyote nilivyosomeshwa, surua inafuata kengele ya shule. Shule zikifunguliwa watoto wanabanana, inapanda. Likizo wanatawanyika, kila mmoja kwao, inashuka. Nikaandika hivyo. Mwezi wa sita, kukutana kwa watoto: chini. Mstari kwenye kompyuta ukashuka vizuri, laini kabisa, nikauonea fahari. Nikawaambia tungoje. Wakanisikiliza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na grafu.

Sasa wewe ni mtoto wa huku. Niambie, huku kwetu shule zikifungwa mwezi wa sita, watoto wanakwenda wapi?

Wanakwenda ngomani. Wavulana jandoni, wasichana unyagoni. Watoto wa vijiji vitano wanaingizwa nyumba moja, wanalala mkeka mmoja, wanakula sinia moja. Siku ya kuwatoa, ndugu wanamiminika kutoka Nachingwea, Masasi, Lindi, hadi Dar, na kila mtu anataka kumshika mwali. Hakuna mwezi tunaokutana kama ule. Na modeli yangu ilisema ndio mwezi ambao watoto hawakutani.

Watu wa ofisini walinitetea baadaye. Walisema mwalimu alisahau. Wewe unajua kwamba sikusahau, nilikwambia ulipokuwa kidato cha pili ukaniuliza. Ningesahau vipi? Mimi mwenyewe nilichezwa unyago kule Kilimarondo. Wewe ulikuwa mmoja wa wanawali wa mwaka ule kwa bibi yako, na mimi nilikuwa nimeshanunua sare, ile kanga ya zambarau. Wazo lilinipitia. Niliwaza, na ngoma je? Kisha nikawaza nitaiandikaje. Kwenye lugha ya kikao, mbele ya wageni wenye kalamu nzuri, niandike neno unyago ndani ya mlinganyo? Niliona haya. Kitabu hakikuwa na nafasi ya ngoma, nami nikataka kufanana na kitabu.

Siku ya kuwatoa nilicheza, Zainabu. Hilo ndilo linalonirudia mara kwa mara, kuliko hata kikao chenyewe. Kulikuwa na vumbi jekundu limesimama hewani, jua la alasiri likipita ndani yake, ngoma zinalia, mabinti mnatoka mmoja mmoja, vichwa vimenyolewa vinang'aa mafuta, macho chini. Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nyumbani kompyuta ilikuwa mezani imefungwa, na ndani yake watoto wote walikuwa wametawanyika, kila mmoja kwao, salama.

Mliporudi mlikuwa na macho mekundu. Tulidhani ni vumbi.

Wodini nilikaa kwenye kigoda karibu na kichwa chako, na nilipoinua macho kutazama vitanda vingine niliona vichwa vilivyonyolewa. Kitanda hiki, na kile, na cha dirishani. Wale wale niliowapigia vigelegele. Hakuna aliyenilaumu. Mama zao walinikaribisha uji. Mwenzenu mmoja, yule binti mrefu wa Namungo aliyekuwa akiwachekesha kwa kumwigiza kipa wa timu yao, hakurudi nyumbani. Wewe ulirudi, ila sikio la kushoto halikurudi nawe.

Mpaka leo nikitembea na wewe najikuta nimehamia kulia kwako. Watu wanafikiri ni mazoea.

Ngoja niwashe taa, giza linaingia na mwandiko wangu unaanza kupanda mlima.

Nataka kukukumbusha jambo ambalo labda wewe hulikumbuki kama mimi. Ni majuma uliyokuwa unapona. Ulikuwa unalala hapa barazani kwa sababu ndani kulikuwa na joto, na ulikuwa hutaki kusema, kwa kuwa sauti yako mwenyewe ilikushangaza. Mtu alikuwa anabanika korosho, kama leo. Ukauliza, kwa sauti kubwa mno ya mtu asiyejisikia, "Harufu inajuaje njia ya kuja kwetu?"

Nikakwambia haijui. Nikakwambia kila chembe ya ile harufu ni mlevi aliyetoka kunywa uraka, pombe ya mabibo, anapepesuka huku, anagonga, anapepesuka kule, wala hana habari na nyumba yetu. Ukafumba macho. Nilidhani umesinzia. Kisha ukasema, "Kwa hiyo hakuna hata moja inayojua inakokwenda, lakini harufu inafika."

Halafu ukatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza tangu hospitali. Mimi nililia, nikageuka nijifanye natazama moshi, kwa sababu nilijua tabasamu lile. Nilikuwa nimelivaa mimi siku ile ya gesi na chupa.

Tangu hapo sikukupata tena. Nilikufundisha nilichokuwa nacho kikaisha. Ulipokuwa kidato cha tano ulirudi likizo ukanikalisha jikoni ukaniambia kuna jambo linakusumbua. Ukasema mlinganyo wa jiwe lililorushwa ukiurudisha nyuma unakubali, jiwe linarudi mkononi, hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini mlinganyo wa harufu ukiurudisha nyuma unakataa. Harufu haijikusanyi ikarudi jikoni. Na kila chembe yake ni kijiwe kidogo tu, na kijiwe kinakubali kurudi. "Sasa mama, kukataa kunatoka wapi? Ni wakati gani hasa ambapo nyuma inafungwa?"

Nilishika mwiko nikakutazama. Nilijaribu kusema neno moja mbili, ukanitazama kwa upole, ule upole ambao mimi huwapa wanafunzi wangu wanaojitahidi, na nikajua kwamba umenipita. Ulikuwa umekwenda mahali ambapo siwezi kukufuata hata kwa kukimbia. Nikakaa juu ya gunia la mbaazi nikakusikiliza ukisema, mikono yako ikichora hewani, na sikuelewa robo yake. Nafikiri ile ndiyo saa nzuri kuliko zote nilizowahi kukaa jikoni.

Mtu anayeongea hivyo ndiye aliyeniambia juzi anataka takwimu za magonjwa.

Usinielewe vibaya. Kazi hii ni njema na naipenda. Mwaka uliofuata tuliiweka ngoma ndani ya hesabu, kwa jina lake, na hakuna mgeni aliyecheka. Mmoja aliniomba nimweleze zaidi. Siku hizi kungwi hapokei mwali asiyechanjwa, na wachanjaji wanakuja kabla kengele ya kufunga haijalia. Kazi ile ina watu, nami nimo. Kama ungeniambia, mama, nimeipenda, usiku hainipi usingizi, nachemsha maharage yanaungua, ningekufungia mizigo mwenyewe. Lakini hukusema hivyo. Ulisema ili isitokee tena, na uliposema ulikuwa hunitazami usoni.

Nadhani unataka kunipunguzia. Umekua ukiniona nikihamia upande wako wa kulia. Umeniona kila mwezi wa sita ngoma zikianza kulia ninavyonyamaza. Ukafikiri, nikiifanya kazi yake vizuri kuliko alivyoifanya, mama atapona. Mwanangu, mimi nilikosea, watu wakaumia, nikarekebisha niliyoweza kurekebisha. Yaliyobaki ni yangu, na nimeshazoea kuishi nayo kama mtu anavyozoea goti bovu. Nakuomba usiyachukue. Hutayaweza, kwa sababu si yako, na yatakuzeesha bure.

Nina ndoto inayonijia. Nimo ndani ya grafu, napanda ule mstari kama mtu anayepanda kilima, na chini ya miguu ni mchanga mwekundu wa kwetu. Upande wa pili nasikia ngoma. Nikifika juu nakuta watoto wengi sana, hawaumwi, wamekaa tu. Nawauliza wanangoja nini, wanasema hawangoji kitu. Wewe umo, umesimama kando, umewapa mgongo, unatazama mbali kwenye kitu ambacho mimi sikioni. Zamani nilikuwa nakuita. Nilikuwa naita mpaka naamka, na wewe hugeuki, nami naamka nikisema ni lile sikio. Siku hizi siiti tena. Nasimama nakutazama unavyotazama, na ndoto inaendelea, na ni tamu.

Mama Hamisi aliuliza fizikia inamtibu nani. Ningeweza kumjibu. Yule aliyekuwa anawaza gesi kwenye chupa hakuwa na habari na surua, na leo watoto wa Ruangwa wanachanjwa kabla ya likizo kwa sehemu kwa sababu yake. Lakini sitaki uende na jibu hilo, maana utaanza kulitafuta kila siku, na siku usipoliona utajiona mwizi. Nenda ukiwa huna jibu. Ukiulizwa, mwambie mtu unatafuta nyuma inapofungwa, halafu umwache anakodoa macho. Utazoea. Baba yako kila siku ananikodolea macho na tumeishi vizuri.

Nami ukinipigia simu, usinirahisishie. Niambie kama ulivyoniambia jikoni, kwa haraka yako, na maneno yako magumu. Sitaelewa. Nitakaa juu ya gunia la mbaazi nisikilize mpaka salio likuishie.

Nasikia pikipiki, na kicheko cha baba yako. Nimalize.

Kile kitabu cha fizikia chenye jalada la bluu, alichokupa mwalimu wako wa kidato cha sita, ulikiacha juzi kwenye rafu, nyuma ya sufuria. Nimekiona leo nikifagia. Nilikuwa nimeshakisukumia ndani ya begi lako, chini ya mashuka, halafu nikakitoa. Nimeshakuchagulia vya kutosha maishani. Nimekiweka kitabu juu ya meza, peke yake.

Alfajiri nitakuwa nje nakupashia maji ya kuoga, na nitakaa huko huko jikoni mpaka baba yako awashe pikipiki. Nitakuja kukuaga getini na sitashika begi lako kulipima uzito. Mpaka muwe mmeshakata kona ya msikiti, na vumbi limetulia, ndipo nitakapoingia ndani kuitazama ile meza.

Mama yako